Wasifu wa Anselmi Kobelo, Mwenye Karata Hamsini na Moja

Maneno haya ni yangu mimi Martina, dada mkubwa wa marehemu. Anayeyasoma ni mwanangu Mikaeli, mpwa wa marehemu na mrithi wa jina lake, kwa sababu mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na kuni kichwani. Mikaeli ameahidi kusoma yote kama nilivyoyatamka, hata pale atakapoona haya. Mikaeli, usirukeruke.

Marehemu alimkataza dada yake kusema uongo siku ya leo. Wanaonijua wanajua uzito wa agizo hilo. Aliacha neno moja: kabla hajashushwa kaburini, watu waambiwe waziwazi kama ule mchezo wake wa karata ulikuwa ufundi au ulikuwa kamari. Hakulitaka jibu hilo kwa faida yake, maana yeye sasa halimsaidii. Alilitaka kwa ajili ya mkewe Yuliana, ambaye amelibeba swali hilo tangu siku alipoposwa. Kwa nini alibebe yeye, mtasikia tukifika kwenye ndoa.

Jana asubuhi Mzee Jonathan, kiongozi wa jumuiya yetu, alikuja kuupitia wasifu huu kabla haujapelekwa kuchapwa. Akausoma, akavua miwani.

"Bibi Martina, ni mzuri. Ila hapa kwenye karata, paruke."

"Nikiparuka hakuna ndoa, Mzee Jonathan. Pasipo ndoa hakuna watoto. Pasipo watoto, hilo kaburi limechimbwa na nani?"

"Basi pafupishe."

"Nitafupisha shule."

Na mtani wa ukoo wetu, Said, aliyepanda kutoka Matombo na mfuko wa maharage begani, tangu juzi hajatupa pumziko. Aliingia ndani, akatandika mkeka kando ya jeneza, akachukua karata za marehemu akagawa tano kwake na tano juu ya jeneza. "Haya Anselmi, zamu yako. Umenyamaza? Umeogopa leo?" Wafiwa walicheka huku wanalia, na ndiyo kazi ya mtani. Halafu akatangaza kwamba siku ya maziko atakalia kifusi na koleo mkononi, na hakuna atakayetupia hata punje ya udongo mpaka asikie jibu: ufundi au kamari. Ninavyomjua, hivi sasa yuko pale juu. Kaa hapo hapo, Said. Udongo wa Mgeta una baridi, utakupoza.

Marehemu Anselmi Kobelo alizaliwa Jumatatu ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1952, hapa Nyandira, Mgeta, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Kobelo na mama yetu Sesilia. Siku hiyo kulikuwa na ukungu ambao haujapata kurudi tena. Mkunga alipotea kati ya mlango na kitanda, akaenda kumpokea ndama kwenye zizi la jirani, ikabidi aitwe kwa kupigiwa sufuria. Alipofika mtoto ameshatoka, amefumbua macho, anamtazama kila mtu usoni mmoja mmoja bila kulia. Mama alitishika. Mkunga akasema, "Huyu anahesabu nani yupo na nani hayupo." Dada yake alikuwepo, ana miaka mitano, ameshika taa. Asiyeamini akamuulize huyo ndama.

Alibatizwa mwezi wa sita mwaka huo huo.

Shule alianza mwaka 1961 kwenye shule ya misheni, akamaliza darasa la saba mwaka 1967. Mwalimu wake alipopoteza daftari la mahudhurio hakununua lingine, alimsimamisha Anselmi mlangoni. Hapo nimefupisha, Mzee Jonathan.

Lakini shule yake hasa ilikuwa barabarani. Akina mama wa hapa tulikuwa tunashuka na mapichi na njegere kuwauzia wachuuzi waliopanda na magari kutoka Morogoro mjini. Tulimpeleka Anselmi, akaketi juu ya gunia, kazi yake kumtazama mchuuzi. Mchuuzi akisema, "Mapichi haya mabaya, siyataki," sisi tulimgeukia Anselmi. Yeye akijikuna goti, maana yake mchuuzi anayataka sana. Hakupata kukosea. Nilimuuliza anajuaje. Akasema, "Asiyetaka kitu hakilaani, anakipita tu." Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Mwaka 1970 alikwenda Turiani, akaajiriwa katika kiwanda cha sukari kama mwanafunzi wa ufundi wa mitambo. Alifanya kazi huko miaka kumi na sita. Fundi mkuu wake alikuwa Mgoa mmoja mpole aliyekuwa haongei ila kwa vidole, na huyo alimfundisha mambo mawili: kuisikiliza mashine kabla ya kuifungua, na kucheza poka.

Kwa wasioijua, nieleze kama marehemu alivyonieleza mimi. Kila mtu anapewa karata tano, anazificha. Unaweza kutupa zile mbaya ukapewa nyingine. Halafu unaweka maharage katikati. Mwenzako akiamini zake ni nzuri kuliko zako, anaweka maharage sawa na yako, mnaonyeshana. Akiogopa, anatupa karata zake, na kilichoko katikati ni chako bila kuonyesha kitu. Nikamwambia, "Basi ni bahati tu. Anayepewa nzuri anakula." Akacheka. "Dada, mwenye karata mbaya anaweza kumfukuza mwenye karata nzuri. Inatakiwa tu uso wake usijue kwamba karata ni mbaya."

Walicheza kwa maharage siku zote. Hela hakuitaka mkekani, alisema hela inatia watu jasho na jasho linaharibu karata.

Hata hivyo, mwaka 1975 alikamatwa. Ilikuwa Jumapili mchana, wako wafanyakazi wanne chini ya kivuli cha bweni lao, wakachukuliwa pamoja na maharage yao, kosa ni kucheza kamari. Walipofikishwa mbele ya hakimu, akamuuliza Anselmi, "Unakana?"

"Nakana, Mheshimiwa. Kamari ni mtu kutoa kitu chake halafu anafumba macho. Mimi nilikuwa nimefumbua."

"Kidhibiti kiko wapi?" Hakimu akataka aone hayo maharage.

Wakatazamana waliomkamata. Mmoja akakohoa. Maharage yalikuwa yamepikwa siku ile ile, yakaliwa na wali. Hakimu akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba kidhibiti kimeliwa, akafuta kesi. Kwa hiyo serikali ilikuwa na nafasi ya kutujibu swali letu mwaka 1975, ikashiba.

Mwaka 1986 alihamia Morogoro mjini, akafungua banda lake la kutengeneza mashine za kusaga nafaka. Wenye mashine kutoka Kingolwira hadi Mvomero walimfuata yeye. Alistaafu mwaka 2012 akarudi hapa nyumbani, akalima viazi na maharage. Na kila mwezi wa saba, tangu enzi za Turiani, maharage yakishavunwa, alimpelekea dada yake debe moja, limejaa mpaka linamwagika. Hakukosa mwaka hata mmoja, hata ule mwaka wa ukame aliponunua sokoni. Watu walimsifu kwa upendo wa ndugu. Sababu yenyewe tulikuwa tunaijua wawili tu, na mtaijua leo.

Vijana wa hapa walimpenda. Wanapobeti mpira kwenye simu zao walikuwa wanamfuata kumuuliza, "Babu, sisi na wewe si sawasawa tu?" Yeye alichukua simu, akaitazama mbele, akaigeuza akaitazama nyuma. "Uso wa mwenzako uko wapi?" Wanacheka. "Nasema kweli. Unacheza na nani? Yeye anakuona, wewe humuoni. Hiyo ndiyo kamari. Nirudishieni mkeka wangu."

Karata zake alizonunua Turiani alikuwa nazo mpaka juzi. Zilitakiwa kuwa hamsini na mbili, lakini tangu mwaka wa ndoa yake zilikuwa hamsini na moja. Iliyokosekana ni saba ya pau. Akiulizwa imekwenda wapi, alijibu neno moja tu: "Imeolewa."

Sasa ndoa.

Mwaka 1978 Anselmi alimpenda Yuliana, binti wa Kikeo, aliyekuja Turiani kumtembelea shangazi yake. Baba wa binti akakubali, mama akakubali. Lakini kwetu Uluguru mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mwisho ni la mjomba. Mjomba wake alikuwa Mzee Pankrasi, mtu mrefu, mwenye sauti ya kengele, aliyekuwa hacheki hata ukimtekenya. Tulikwenda kuposa na ujumbe kamili, nami nimo. Akatusikiliza. Halafu akasema:

"Nimeambiwa kijana huyu ni mtu wa kamari."

Anselmi akajibu, "Shikamoo tena, mjomba. Si kamari. Ni ufundi."

"Ufundi ni kinu, ni mlango, ni paa. Hicho chako ni bahati. Leo unayo, kesho huna, na siku hiyo mtoto wetu atakula nini?"

"Nijaribu, mjomba."

Mzee Pankrasi alisogeza kigoda chake mbele. Halafu akatoa sharti ambalo Kikeo yote ilikuja kulijua. Watacheza wao wawili, Jumapili tatu mfululizo, baada ya misa, kila mtu na maharage hamsini. Anayemaliza ya mwenzake ndiye mshindi wa siku. "Bahati haiji kwenye mlango mmoja Jumapili tatu," alisema. "Ukinishinda zote tatu, nitakubali kwamba unajua unachofanya, basi na mke umemtafuta kwa kujua. Ukishindwa hata moja, basi wewe ni mtu wa kuokota okota, na sisi hatutoi mtoto akaokotwe."

Yuliana alikuwa nyuma ya mlango, alisikia. Hayo maneno mawili, kuokotwa na kutafutwa, ndiyo aliyoyabeba.

Jumapili ya kwanza ilikuwa tarehe 2 Julai. Mzee Pankrasi hakuwa amewahi kushika karata, ikabidi Anselmi amfundishe yeye mwenyewe. Nilimfinya. "Usimfundishe vizuri!" Akamfundisha vizuri, kila kitu, hata namna ya kumtia mwenzio hofu. Akamshinda kabla mbuzi hawajarudi. Jumapili ya pili, tarehe 9, mzee alikuwa ameshaiva kidogo. Walikwenda mpaka jua la magharibi, Anselmi akashinda. Wiki ile nzima Mzee Pankrasi hakwenda shamba. Alikuwa anacheza na mkewe. Mkewe aliniambia alichoka mpaka akawa anaota kopa.

Jumapili ya tatu, tarehe 16 Julai 1978, uwanja ulijaa kama siku ya kipaimara. Wengine walikuwa juu ya paa la banda la kuku, likabonyea. Mzee Pankrasi alicheza siku hiyo kama amezaliwa Turiani. Alasiri ikafika, wako sawasawa, na katikati ya mkeka pana maharage mengi ambayo hakuna aliyekuwa tayari kuyaachia. Kila mmoja amebakiwa na kama ishirini na tano mkononi. Wakatupa karata mbaya pembeni, wakapewa nyingine. Anselmi akazitazama zake.

Mimi ndiye niliyekuwa napitisha togwa. Nikapita nyuma ya mdogo wangu, nikaona mkono wake. Karata nne nyeusi, zote zina alama ya jani, na ya tano nyekundu. Kwa wiki tatu za kutazama nilikuwa nimeshajua jambo moja: tano za alama moja ni kitu kikubwa. Alikuwa amekosa moja tu. Nikamtazama Yuliana mlangoni, nikamtazama Anselmi, na uso wake haukusema kitu, na mimi dada yake nikadhani ule ni uso wa mtu aliyekwisha.

Hapa Mikaeli aliweka kalamu chini wakati ananiandikia. Akasema, "Mama, hili linasomwa mbele ya Padri?" Ndiyo, mwanangu. Endelea.

Niliinama kukusanya vibuyu. Kwenye zile karata zilizotupwa pembeni palikuwa na moja nyeusi imejifunua. Nikaichukua chini ya kibuyu. Nikakijaza kibuyu togwa, nikakiweka kwenye goti la Anselmi, karata iko chini yake. Togwa lilinimwagikia vidoleni njia nzima. Yeye akakipokea kibuyu. Akanywa taratibu mpaka mwisho. Halafu akasukuma maharage yake yote katikati ya mkeka.

"Yote?" akauliza Mzee Pankrasi.

"Yote, mjomba."

Mzee alimtazama. Nadhani alimtazama muda wa kupika ugali. Mwishowe akatupa karata zake mkekani, zimefunuka: ree mbili, ndizo karata za juu kabisa, na chini yake nane mbili. Mkono mzuri sana ule, lakini alisema hata maharage aliyobakiwa nayo hayachezi tena, siku ni ya Anselmi. Uwanja ukalipuka, banda la kuku likaanguka na watu wake.

Mzee Pankrasi akanyoosha mkono. "Nionyeshe ulichokuwa nacho."

Anselmi akazichanganya karata zake na nyingine. "Kuona kunalipiwa, mjomba. Ndiyo sheria. Nawe hukulipia."

Na hapo, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, watu walimwona Mzee Pankrasi anacheka.

Ndoa ilifungwa Jumamosi tarehe 7 Oktoba 1978. Mungu aliwajalia watoto watatu. Walikaa pamoja miaka arobaini na sita na miezi minane, na nikisema waligombana mara nne nitakuwa nimeongeza moja.

Lakini Mzee Pankrasi aliingia kaburini mwaka 1991 bila kujua. Alipokuwa anaumwa alimwambia Yuliana, "Mwanangu, sikuona karata zake. Kama zilikuwa nzuri, basi alipewa tu siku ile, ilikuwa bahati. Sijui kama nilikutoa kwa ufundi au kwa bahati." Alisema kwa kumpenda, lakini lilimchoma. Na wanawake wenzake kwenye chama cha parokia wakikosana naye walijua pa kumgusa: "Mke wa karata." Mara mbili jina lake lilitajwa kwa uenyekiti, mara mbili akajitoa mwenyewe. Alikuwa anamuuliza mumewe, "Baba Shukuru, siku ile ulikuwa na nini mkononi?" Naye anajibu, "Nilikuwa na wewe." Jibu tamu, lakini halijibu.

Mimi nilikuwa najua, au nilidhani najua. Nilijua kwamba haikuwa ufundi wala bahati. Ilikuwa mimi. Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, nilimfuata Turiani, nikamwambia, "Ile karata yangu imekuzalia mtoto. Nataka debe la maharage kila mwaka, la sivyo nitasema." Hakubisha. Alinitazama kidogo, akainama, akajaza debe. Madebe arobaini na sita nimekula kwa jambo hilo. Na kila aliposema kwa watu, "Ni ufundi," mimi nilikuwa napangusa mdomo na khanga nisicheke.

Marehemu alianza kuugua mwezi wa tisa mwaka 2023. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Alitibiwa hospitali mjini Morogoro kwa vipindi, na watoto wake hawakumwacha hata siku moja. Mwezi wa tano mwaka huu daktari aliketi kitandani kwake, akaanza, "Mzee Kobelo, tutajaribu dawa nyingine, hali inaweza..." Anselmi akamshika mkono. "Mwanangu, wewe ni daktari mzuri. Usije ukacheza poka. Uso wako umeshaniambia." Akaomba arudishwe nyumbani, Nyandira, aone ukungu.

Jumapili tarehe 1 Juni aliomba abaki na dada yake peke yake. Yuliana alikuwa kanisani. Akaniambia nimpe kitabu chake cha sala. Akakifungua katikati, akatoa karata moja nyeusi, imechakaa pembe, akaniwekea kiganjani.

"Unaijua?"

Nikaijua. "Ni ile niliyokupa. Umeitunza!"

"Iangalie vizuri, dada. Mimi mkononi nilikuwa na shupaza nne. Hii ni nini?"

"Si shupaza? Si hili jani jeusi?"

Akaanza kucheka, kikohozi kikamkatiza, akacheka tena. "Hiyo ni pau. Jani la shupaza ni moja lenye ncha. Hilo lina vichwa vitatu. Ulinipa saba ya pau. Ingekuwa moto nisingepata hata kuwashia sigara."

Nikamwambia ananidanganya, amenidanganya maisha yake yote. Akasema, "Dada, karata zangu ziko ngapi?"

Hamsini na moja. Nimelijua hilo miaka yote hiyo na sijawahi kulifikiria. Kama angeitumia karata yangu, ingechanganyika na nyingine mkekani, ingerudi kwenye kasha. Iliyokosekana ingekuwa ile nyekundu yake. Lakini iliyokosekana tangu siku ile ile ni saba ya pau, na saba ya pau ilikuwa kwenye kitabu cha sala.

"Kwa hiyo ulikuwa na nini?"

"Sikuwa na kitu. Shupaza nne na uru moja, takataka tupu. Angelipia tu kuniona, nilikuwa nimekwisha."

"Ulijuaje kwamba ataogopa?"

"Siku zote tatu, Mzee Pankrasi akiwa na karata mbaya anaitazama karata. Akiwa na nzuri anamtazama Yuliana mlangoni, kuona kama anahuzunika. Safari ile ya mwisho alimtazama Yuliana, na akaendelea kumtazama. Nikajua ana karata nzuri, na nikajua hana moyo wa kuzitumia. Alikuwa anatafuta sababu ya kukubali. Nikampa sababu."

Nikaigeuza ile karata kiganjani. Halafu nikauliza kilichokuwa kinaniuma. "Sasa maharage yangu? Madebe yote yale ulikuwa unanilipa nini, mtu ambaye nilikupa takataka?"

"Ulipita mbele ya ukoo mzima na togwa linakumwagikia vidoleni," alisema. "Wangekukamata, ungefukuzwa kwenye uwanja ule kama mwizi, na usingepanda tena Kikeo. Nilikuwa nalipa hiyo mikono."

Akapumzika. Akasema Mzee Pankrasi alipokuwa hai, yeye Anselmi asingeweza kumwambia mtu kwamba mzee alikimbia mkono mtupu, angemwaibisha. Na baadaye kila alipotaka kumwambia Yuliana, aliona kwamba Yuliana ataniuliza mimi, na mimi nitajua karata yangu haikusaidia. "Ningekunyima debe lako na sifa yako kwa siku moja," alisema. "Nikasema tutaona. Sasa siwezi kuona zaidi. Liseme wewe, maana bila wewe kutajwa halielezeki. Na usiongeze chumvi."

Sikuongeza, Anselmi. Ila ndama.

Jumatatu nilimwonyesha Mikaeli ile karata bila kumwambia kitu. "Mwanangu, hii ni nini?" "Saba ya pau, mama." Basi.

Marehemu Anselmi Kobelo aliaga dunia Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Nyandira, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Ninyi mliofika kumuaga mlijionea uso wake: hausemi kitu.

Ameacha mjane, Yuliana, watoto watatu, Shukuru, Upendo na Chausiku, wajukuu wanane, mpwa na mrithi wake, Mikaeli, na dada mmoja, Martina, ambaye mwezi wa saba utakapofika hatajua la kufanya.

Sasa jibu. Mzee Jonathan, vaa miwani.

Nilimwibia mtu karata mwaka 1978, na nimekula matunda ya wizi ambao haukufanikiwa. Hilo ni langu, nimekwisha kulipeleka kwa Padri. Mdogo wangu hakuiba, na siku ile bahati haikumpa kitu. Alikuwa na mkono mtupu, akamsoma mjomba moyoni, akaweka mbele kila alichokuwa nacho, macho wazi. Ulikuwa ufundi.

Yuliana, wifi yangu, hukuokotwa. Ulitafutwa. Na hii saba ya pau naiweka mkononi mwako mbele ya watu wote, maana marehemu alisema siku zote kwamba imeolewa, nami nikadhani anatania.

Said, umesikia. Inuka kwenye hicho kifusi, mpe Shukuru koleo. Yale maharage yako uliyokuja nayo tutayapika leo, kidhibiti kiliwe tena.

Apumzike kwa amani Anselmi, mtoto wa Sesilia, na huko aliko, anayetaka kuona karata zake kwanza alipie.